Mtoto Mdogo Akae Wapi Ndani ya Gari: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Nafasi, Kufunga Kiti na Kumfunga Mtoto

Swali la mahali pa kumweka mtoto mdogo garini huulizwa kana kwamba jibu lake ni neno moja, ilhali limebeba maswali matatu ndani yake: akae mbele au nyuma, ageukie upande gani, na akiwa nyuma akae katikati au pembeni. Maswali hayo hayana uzito sawa. Wazazi wengi hubishana sana juu ya lile la tatu, na kulipita haraka lile la pili, ambalo kwa mtoto wa chini ya miaka minne lina uzito mkubwa mno. Mwongozo huu unayafuata kwa mpangilio huo, kisha unaingia katika kazi yenyewe ya kukifunga kiti na kumfunga mtoto, kwa kuwa nafasi iliyochaguliwa vizuri haimsaidii mtoto aliyekaa katika kiti kinachoyumba.

Kabla ya kuchagua nafasi: mapajani si mahali pa kukaa

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga kitu kisichosogea husimama ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde, lakini kila kilichomo ndani ambacho hakikufungwa huendelea na safari kwa kasi ile ile. Ili kumzuia mtoto wa kilo 10 asitupwe mbele wakati huo, mtu angehitaji nguvu inayolingana na kubeba mzigo wa kilo 140 hivi, na hicho ni kiwango cha wastani tu, maana kilele chake huwa juu zaidi. Hakuna mikono iwezayo jambo hilo, hata ya mtu aliyejiandaa, na katika ajali hakuna anayepata nafasi ya kujiandaa. Kwa kulinganisha, kugonga kwa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 10.

Zipo namna mbili za kumpakata mtoto garini na zote ni mbaya. Mtu mzima asiyejifunga mkanda humbana mtoto kati ya mwili wake na dashibodi au kiti cha mbele. Yule anayejizungushia mkanda mmoja pamoja na mtoto, akidhani amewafunga wote wawili, huwa amemweka mtoto kati ya mkanda na uzito wake mwenyewe, na uzito huo wote ndio unaomkandamiza mtoto gari linaposimama ghafla. Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba kiti cha gari cha mtoto, kikifungwa na kutumiwa ipasavyo, hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali kwa takriban asilimia 70. Kwa hiyo kila kinachofuata hapa kinamhusu mtoto aliye ndani ya kiti chake mwenyewe.

Hatua ya kwanza: aanze safari zake zote kwenye kiti cha nyuma

Migongano mingi iliyo mibaya hutokea upande wa mbele wa gari au kwenye pembe zake za mbele, na kiti cha nyuma kiko mbali zaidi na mahali hapo. Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili ni mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, ambao watu wengi hudhani ni kinga kwa kila mtu. Mfuko huo ulibuniwa kwa ajili ya mwili wa mtu mzima aliyefungwa mkanda. Hufumuka kwa kufumba na kufumbua, kwa kasi inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa, na hukuta kichwa cha mtoto mahali ambapo kwa mtu mzima kungekuwa na kifua.

Hatari hiyo ni kubwa kupita zote pale ambapo kiti cha mtoto kinachotazama nyuma kimewekwa mbele huku mfuko wa hewa ukiwa unafanya kazi. Mgongo wa kiti hicho unakuwa umeegemea karibu kabisa na dashibodi, na mfuko unapofumuka huupiga mgongo huo moja kwa moja, nyuma ya kichwa cha mtoto. Katika kanuni hii hakuna la kujadili: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa. Onyo lake huwa limebandikwa kwenye kizuia jua cha upande wa abiria au pembeni mwa dashibodi, likiwa na mchoro wa mtoto na mstari mwekundu, na ni vyema kulitafuta leo katika gari lako hata kama huna nia ya kumweka mtoto mbele.

Mamlaka za usalama barabarani za Marekani zinashauri kwamba watoto wote wenye umri wa miaka 12 na chini yake wakae nyuma. Nchi nyingine zimeweka mpaka kwa urefu badala ya umri, na sheria ya mahali ulipo ndiyo kiwango cha chini unachopaswa kukitimiza, ingawa hakuna sheria inayokukataza kumlinda mtoto zaidi ya inavyotaka.

Hatua ya pili: mgeuze atazame nyuma, na umwache hivyo kwa muda mrefu

Mtazame mtoto mchanga aliyelazwa kitandani. Kichwa chake ni karibu robo ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja kwa nane. Kichwa hicho kizito kimeshikwa na shingo ambayo misuli yake haijakomaa, na pingili zake za mgongo bado zina sehemu kubwa ya gegedu ambayo haijawa mfupa mgumu. Mtoto huyo akiwa ametazama mbele gari likagonga, mikanda huzuia mabega yake, lakini kichwa hakina cha kukizuia isipokuwa shingo, nacho huvutwa mbele kwa nguvu inayoweza kuumiza ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo. Akiwa ametazama nyuma, kichwa, shingo na mgongo huzama kwa pamoja katika mgongo wa kiti, na nguvu ile ile husambaa katika eneo pana badala ya kuishia shingoni.

Wazo hili lina historia ya kuvutia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari na mtafiti wa Uswidi aitwaye Bertil Aldman aliona jinsi wanaanga wa mradi wa Gemini walivyolazwa kwa migongo ili nguvu ya kurushwa angani isambae mwilini, naye akaona kwamba mtoto garini anahitaji jambo lilo hilo. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilijaribu mfano wa kwanza wa kiti cha mtoto kinachotazama nyuma. Tangu wakati huo imekuwa desturi ya Uswidi kuwaacha watoto watazame nyuma hadi karibu miaka minne.

Katika nchi nyingine mabadiliko yamekuja polepole. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mwaka 2011 kwamba mtoto atazame nyuma hadi afikishe angalau miaka miwili, na mwaka 2018 kikaondoa mpaka huo wa umri na kusema abaki hivyo hadi afikie kikomo cha uzito au urefu kilichowekwa na mtengenezaji wa kiti. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayojulikana kama R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hairuhusu mtoto atazame mbele kabla ya kuvuka umri wa miezi 15. Naona ni bora kuuchukulia umri huo kama sakafu. Ukimgeuza mtoto siku anapotimiza miezi 15 umefuata kanuni, lakini umeacha miaka miwili au mitatu ya kinga ambayo kiti kikubwa kinachotazama nyuma kingempa.

Pingamizi ambalo kila mzazi hulitoa ni la miguu. Mtoto wa miaka miwili aliyetazama nyuma hukunja magoti, au huiegemeza miguu kwenye mgongo wa kiti cha gari, na mtu mzima anayemtazama huhisi kwamba anabanwa. Watoto wenyewe hukaa hivyo sakafuni siku nzima bila kulalamika. Miguu kugusa mgongo wa kiti cha gari si dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo. Dalili ya kweli ni kichwa kukaribia ukingo wa juu wa kiti kupita kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake, ambacho kwa viti vingi ni sentimita 2.5 kutoka ukingoni, au uzito wa mtoto kuvuka kikomo.

Hatua ya tatu: katikati au pembeni?

Mkikaa watatu nyuma, wa katikati ndiye aliye mbali zaidi na milango yote miwili, na kwa hiyo mbali zaidi na gari jingine litakalogonga ubavuni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008, uliochunguza watoto wa umri wa kuzaliwa hadi miaka mitatu waliokuwa katika viti vyao nyuma ya gari, ulionyesha kwamba waliokaa katikati walikuwa na hatari ya kuumia iliyo ndogo kwa asilimia 43 kuliko waliokaa pembeni. Kwa msingi huo jibu la swali ni katikati.

Lakini jibu hilo lina sharti, na sharti lenyewe ndilo linalowashinda wengi. Kiti cha katikati katika magari mengi ni chembamba kuliko vya pembeni, kimeinuka kidogo kama mgongo wa ng'ombe, na mara nyingine kina mkanda wa kiunoni tu usio na sehemu ya begani. Vishikio vya chuma vya mfumo wa ISOFIX, ambavyo kiti cha mtoto hujishikiza navyo moja kwa moja kwenye mwili wa gari, huwekwa kwa kawaida katika viti viwili vya pembeni pekee. Ukijaribu kufunga kiti katikati kwa nguvu zako zote na bado kikawa kinaegemea upande mmoja kama kikapu kilichowekwa juu ya jiwe, basi katikati ya gari hilo si mahali pa kiti hicho.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hilo kwa aibu kidogo. Kwa muda wa wiki kadhaa nilikuwa nikimweka binti yangu katikati kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwamba ndipo bora, na kiti kilionekana kimetulia. Siku moja nilikishika chini, pale mkanda wa gari unapopita, nikakisukuma kushoto na kulia; kikasogea upana wa kiganja changu. Nilikihamishia pembeni kwenye ISOFIX, kikalia mara mbili, kila upande mlio wake, na nilipokisukuma tena ni gari lote lililotikisika. Kiti kilichofungwa imara pembeni ni salama kuliko kilichofungwa ovyo katikati, na hapo ndipo mjadala wa katikati na pembeni unapopaswa kuishia.

Ikiwa imebidi pembeni, upande unaofaa kwa kawaida ni ule unaotazamana na ukingo wa barabara mnapoegesha, yaani upande wa abiria wa mbele, ili mtoto apandishwe na kushushwa mbali na magari yanayopita. Upande huo pia humwezesha dereva kumwona mtoto anayetazama mbele bila kugeuka kabisa. Wapo wanaoamini kwamba nyuma ya dereva ni salama zaidi kwa kuwa dereva hujikinga mwenyewe kwa silika. Dhana hiyo haifai kupewa uzito, na faida ya kushuka upande usio na magari ni ya kila siku.

Viti vya safu ya tatu katika magari makubwa vinahitaji tahadhari, kwa sababu katika baadhi ya magari hayo mgongo wa kiti uko karibu sana na mlango wa nyuma, na gari likigongwa kwa nyuma hakuna nafasi ya bati kukunjamana kabla ya kumfikia aliyekaa pale. Safu ya pili ikiwa na nafasi, mtoto akae humo. Viti vinavyotazama ubavuni, vile vya kukunja vilivyo nyuma ya baadhi ya pikapu na magari ya mizigo, havifungiwi kiti cha mtoto hata kidogo.

Hatua ya nne: kukifunga kiti

Anza kwa kusoma vitabu viwili, cha kiti na cha gari, kwa maana kila kimoja kina katazo ambalo kingine hakina. Kitabu cha gari hueleza ni nafasi zipi zinaruhusiwa kufungiwa kiti cha mtoto; kitabu cha kiti hueleza mkanda upite wapi. Kwenye viti vingi njia hiyo imewekewa alama za rangi: bluu kwa kiti kinachotazama nyuma, nyekundu kwa kinachotazama mbele.

Chagua njia moja ya kufunga, ama ISOFIX ama mkanda wa gari, na usitumie zote mbili kwa wakati mmoja isipokuwa mtengenezaji wa kiti ameruhusu, maana kiti hujaribiwa kwa njia moja na kuongeza nyingine kunaweza kubadilisha jinsi nguvu inavyopita. Ukitumia mkanda, weka goti au uzito wa mkono wako ndani ya kiti tupu, kikandamize kizame kwenye godoro la kiti cha gari, kisha vuta mkanda hadi usibaki ulegevu, na uufunge kwa kifungio kilichowekwa kwa kazi hiyo. Ukimaliza, shika kiti pale mkanda au vishikio vinapopita, ukitumia mkono mmoja kukisukuma mbele na nyuma, kushoto na kulia. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5 mahali hapo. Sehemu ya juu ya kiti kinachotazama nyuma inaweza kucheza zaidi, na hilo halina tatizo. Kipimo ni pale kilipofungwa.

Kiti kinachotazama mbele chenye mkanda wa juu, ule unaopita nyuma ya mgongo wa kiti hadi kwenye kitundu cha chuma nyuma ya kiti cha gari au kwenye buti, kifungwe nao kila mara. Mkanda huo mdogo hupunguza safari ya kichwa kwenda mbele kwa sentimita 10 hadi 15 hivi, ambazo mara nyingi ndizo tofauti kati ya kichwa kubaki hewani na kichwa kugonga kiti cha mbele. Nao ndio unaosahauliwa kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa kuwa kiti huonekana kimeshika hata bila huo. Kwa kiti chenye mguu wa kukitegemeza sakafuni, hakikisha mguu umekanyaga sakafu ngumu; baadhi ya magari yana kisanduku cha kuhifadhia vitu chini ya zulia mahali pale pale, na kifuniko chake hupasuka chini ya mguu.

Kwa mtoto mchanga, kiti kilalie nyuma kwa karibu nyuzi 45, kwa kufuata kipimo kilichowekwa ubavuni mwake. Kikisimama mno, kichwa huanguka mbele, kidevu hukaa kifuani na njia ya hewa hubanwa. Hii ndiyo sababu pia kwamba kiti cha gari si kitanda: safari ikiisha, mtoto atolewe alazwe mahali tambarare, na katika safari ndefu asimamishiwe kila baada ya saa mbili au mapema zaidi ikiwa ni mchanga sana.

Hatua ya tano: kumfunga mtoto mwenyewe

Mgongo na makalio ya mtoto vigusane kabisa na kiti kabla ya kufunga chochote. Kwa anayetazama nyuma, mikanda ya mabega itokee kwenye matundu yaliyo usawa wa mabega yake au chini kidogo. Kwa anayetazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu kidogo. Kanuni hizo mbili zina sababu moja: katika hali ya kwanza mkanda humzuia asiteleze kwenda juu kwenye mgongo wa kiti, na katika ya pili humzuia asikunjwe mbele na chini.

Kisha kaza, na upime kwa kufinya. Weka kidole gumba na cha shahada kwenye mkanda juu ya mtulinga, ule mfupa ulio kati ya shingo na bega, ujaribu kufinya mkanda ukunjike kwa urefu wake. Ukipata mkunjo unaoweza kuushika kati ya vidole, mkanda bado umelegea. Umekaza vya kutosha vidole vinapoteleza juu yake bila kupata cha kushika. Watu huogopa kumkaza mtoto kwa kuona kwamba anaumia, lakini mkanda unaokaa bapa juu ya kifua bila kuchimba ngozi haumuumizi, na unaolegea humwachia nafasi ya kupata kasi kabla ya kuzuiwa.

Koti nene ni adui wa kimyakimya. Fanya jaribio hili mara moja tu na hutalihitaji mara ya pili: mfunge mtoto akiwa amevaa koti lake, kaza mikanda hadi ipite kipimo cha kufinya, mfungue bila kugusa urefu wa mikanda, mvue koti, kisha mrudishe na umfunge tena. Ulegevu utakaouona mbele ya kifua chake ndio aliokuwa nao muda wote chini ya pamba ile, kwa sababu katika mgongano koti hubonyea hadi kuwa bapa. Akihisi baridi, mfunge kwanza, kisha mfunike kwa blanketi juu ya mikanda. Kwa sababu iyo hiyo usiweke chini yake au nyuma yake mito na vitambaa ambavyo havikuja na kiti.

Hatua ya sita: mabadiliko ya viti mtoto anapokua

Kila hatua ya kuhamia aina ya kiti inayofuata hupunguza kinga kidogo, kwa hiyo hakuna sababu ya kuikimbilia. Akishavuka kikomo cha kutazama nyuma, mtoto hutazama mbele katika kiti chenye mikanda yake ya ndani hadi avuke kikomo cha kiti hicho, na ndipo anapohamia kiti cha kumwinua, ambacho kazi yake ni kuupandisha mwili wake hadi mkanda wa gari ukae mahali palipokusudiwa. Kiti cha kumwinua hutumiwa tu na mkanda wenye sehemu ya begani na ya kiunoni. Kikiwa na mgongo na mabawa ya kichwani ni bora kuliko kile kilicho kama mto tu, hasa kwa kugongwa ubavuni na kwa mtoto anayelala safarini.

Kuacha kiti cha kumwinua hupimwa kwa mwili. Aketi kwenye kiti cha gari, mgongo wake ukiegemea hadi nyuma. Magoti yakunjike vizuri ukingoni mwa kiti. Mkanda wa chini ukae juu ya mapaja na mifupa ya nyonga wala usipande tumboni. Mkanda wa juu upite katikati ya bega na kidari bila kugusa shingo. Na abaki hivyo safari nzima. Watoto wengi hufaulu vipimo vyote wakiwa na urefu wa sentimita 145 hadi 150, kwa kawaida kati ya miaka 8 na 12. Anayefeli kimoja huteleza mbele ili akunje magoti, mkanda ukapanda juu ya tumbo laini, na hapo katika ajali matumbo na uti wa mgongo ndivyo vinavyopokea nguvu. Mkanda wa juu haupitishwi chini ya kwapa wala nyuma ya mgongo, hata mtoto akilalamika kwamba unamkwaruza. Kulalamika huko ni ishara kwamba bado anahitaji kuinuliwa.

Pale mambo yanapokuwa magumu

Wakiwa watoto wawili au watatu, anza na vifaa badala ya umri. Aliye kwenye kiti cha kumwinua hana budi kupata nafasi yenye mkanda wa begani. Aliye kwenye kiti cha ISOFIX hana budi kupata vishikio. Baada ya hapo, nafasi ya katikati ikibaki na kiti kikashika vizuri humo, apewe mdogo zaidi. Abiria mtu mzima anayekaa kando ya mtoto naye afunge mkanda, kwa sababu mwili usiofungwa ndio kitu kizito kuliko vyote kinachoweza kumrukia mtoto. Chupa ya maji ya chuma, simu na mizigo vikae kwenye buti au chini ya viti.

Gari lisilo na kiti cha nyuma kabisa, kama pikapu yenye safu moja, hulazimisha mtoto akae mbele. Kwa anayetazama nyuma, mfuko wa hewa uzimwe, ama kwa swichi ya ufunguo iliyo pembeni mwa dashibodi ama kwa njia iliyoelezwa katika kitabu cha gari, na taa ya kuonyesha kwamba umezimwa iangaliwe kila gari linapowashwa. Usipoweza kuuzima, gari hilo si la kumbebea mtoto huyo. Kwa anayetazama mbele, fuata maelekezo ya gari kuhusu mfuko huo na ukisogeze kiti nyuma hadi mwisho. Mtu mzima mwingine akirudi kukaa pale, uuwashe tena.

Katika gari la kukodi au la rafiki lisilo na kiti cha mtoto, mtoto aliyekwishaweza kuketi wima mwenyewe akae nyuma, peke yake katika mkanda wake, sehemu ya chini ikikaa kwenye mapaja. Kinga hiyo ni pungufu, lakini ni bora kuliko kupakatwa. Kwa mtoto mchanga hakuna mbadala unaofaa. Kiti chake cha kubebeka ndicho kinachopaswa kwenda naye kila mahali, na vingi kati ya hivyo hufungika kwa mkanda wa kawaida.

Kiti cha kuazima au kilichotumika kichunguzwe historia yake. Kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kubwa hakitumiwi tena hata kama hakionyeshi ufa, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye plastiki iheshimiwe. Tafuta lebo ya idhini: ya R44, kanuni iliyotangulia R129, ni ya rangi ya machungwa na hutaja makundi ya uzito, ya R129 hutaja urefu kwa sentimita. Kiti ambacho mwenyewe hawezi kukueleza kimepitia nini ukiache.

Lipo pia jambo moja ambalo kiti cha nyuma hulileta chenyewe: mtoto anayetazama nyuma na aliyelala haonekani wala hasikiki, na kichwa cha dereva aliyechoka humsahau. Gari lililoegeshwa juani linaweza kupanda joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka mara kadhaa kuliko wa mtu mzima. Weka kitu usichoweza kuondoka bila hicho, kama mkoba, simu au hata kiatu cha mguu mmoja, sakafuni karibu na kiti cha mtoto, ili ulazimike kufungua mlango wa nyuma kila unapofika. Vitasa vya ndani vya milango ya nyuma vifungwe kwa kufuli ya watoto, ile swichi ndogo iliyo kwenye ukingo wa mlango.

Na siku mtoto atakapotimiza miaka 13 ukamruhusu kuhamia mbele, kisogeze kiti cha abiria nyuma iwezekanavyo kabla hajapanda, kisimamishe mgongo wake, kisha mwangalie anapofunga mkanda: asiweke miguu juu ya dashibodi, kwa kuwa mfuko wa hewa uko chini ya miguu hiyo.